Mnyama, Nyika na Mji: Suala la Fadhila katika Historia ya Fasihi ya Mombasa Bara

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi simulizi ya Kiswahili, hadithi za wanyama zimezoeleka kutazamwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza huziweka katika fungu la hurafa na kuwakabidhi watoto: sungura ni mjanja, fisi ni mlafi, kobe ni mvumilivu, na mwisho wa hadithi pana funzo. Njia ya pili, iliyopata nguvu tangu miaka ya 1970 pale uhakiki wa kijamii ulipotia mizizi katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, huyasoma majina ya wanyama kama vificho vya majina ya watu: simba ni mtawala, mbuzi ni mnyonge, na kazi ya mhakiki ni kumvua kila mmoja ngozi yake ili tuuone uso wa binadamu uliojificha ndani. Njia hizi zaonekana kupingana, lakini zinaafikiana katika jambo moja: zote mbili hazina haja na mnyama mwenyewe. Kwa ya kwanza yeye ni kichekesho. Kwa ya pili yeye ni vazi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba historia ya Mombasa Bara, yaani Likoni upande wa kusini, Kisauni upande wa kaskazini na Changamwe upande wa magharibi, pamoja na nchi inayopakana nazo, inatulazimisha kuwa na njia ya tatu. Katika eneo hili mpaka kati ya mtu na mnyama ulichorwa mara nyingi juu ya mpaka mwingine, ule wa kisiwa na bara, wa mji na nyika. Kwa hiyo swali la nani ni mnyama lilikuwa pia swali la nani ni mtu kamili. Aidha, tutajaribu kuonyesha kwamba fasihi ya mwambao, inapomzungumzia mnyama kwa uzito, hurejea kwenye suala moja, nalo ni fadhila: nani amemtendea nani wema, na deni hilo limelipwa vipi.

Lugha yenyewe inatupa dokezo la kuanzia. Katika Kiswahili mnyama, liwalo lolote umbo la jina lake, huchukua upatanisho wa viumbe hai: ng'ombe amekufa, kipepeo ameruka. Lakini katika vimilikishi vya wingi wanyama wafugwao hutengana na watu wa kawaida na kuingia katika kundi dogo la pekee. Tunasema watoto wangu na wageni wangu, ila husema mbuzi zangu, ng'ombe zangu, punda zangu, kama vile tusemavyo ndugu zangu, shangazi zangu na rafiki zangu. Mwanaisimu atalieleza jambo hili kwa historia ya ngeli, naye atakuwa amesema kweli. Hata hivyo haikosi maana kwa mhakiki kwamba msemaji wa Kiswahili, kila anapohesabu mifugo yake, hutumia kiungo kilekile anachotumia kuhesabu jamaa zake.

Mji na nyika

Maji yanayokitenga kisiwa cha Mvita na bara ni membamba. Jina la Likoni lenyewe latokana na liko, yaani mahali pa kushukia na kupandia vyombo. Pamoja na hayo, katika fikira za mji wa kale bara ilikuwa mbali. Watu wa kisiwani waliwaita majirani zao wa bara Wanyika, watu wa nyika, na nyika ni neno hilohilo litajalo pori litembewalo na wanyama. Wamishonari Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na Johannes Rebmann, aliyemfuata mwaka 1846, walilichukua jina hilo na kuliandika katika vitabu vyao, na kutoka hapo likaingia katika majalada ya serikali. Ilikuwa ni katika miaka ya 1940 ndipo jina la Mijikenda, ambalo lasema habari ya miji, liliposhika mahali pake. Badiliko hilo si dogo: watu walioitwa kwa jina la pori walijichagulia jina la makazi.

Kando ya neno nyika palikuwa na jozi nyingine ya maneno, uungwana na ushenzi. Mwungwana alitambulika kwa nasaba, dini, mavazi na lugha. Mshenzi alielezwa kwa kile alichokosa. Na chini ya ngazi hii, pale ambapo ushenzi ulionekana kuzidi, lilikuwapo neno la mwisho, hayawani.

Historia ya Wamvita wenyewe inaikanusha ngazi hiyo. Wenyeji wa mji walijigawa katika Thelatha Taifa na Tisa Taifa, na miongoni mwa Thelatha Taifa, pamoja na Wakilindini na Watangana, wamo Wachangamwe, ambao jina lao ni la bara. Katika Tisa Taifa wamo Wajomvu, Wamtwapa na Wakilifi. Kwa maneno mengine, mji ulioitazama bara kama makao ya wanyama ulikuwa umezaliwa na bara hiyo. Nafaka za kuulisha zilitoka bara. Pembe za ndovu zilizoutajirisha zilipita bara mabegani mwa watu. Hata umaarufu wa pwani hii katika nchi za mbali ulibebwa na mnyama wa nyika: mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifikisha twiga katika mahakama ya mfalme wa China, na washairi wa huko wakamsifu kama kiumbe wa heri.

Fisi aliyeliliwa

Hakuna mnyama anayeuonyesha mpaka huu waziwazi kuliko fisi. Katika ngano na methali za Waswahili fisi ni kielelezo cha ulafi usio na akili. Njia mbili zilimshinda fisi: alinusa nyama huku, akanusa nyama kule, akataka zote mbili, akapasuka msamba. Fisi akimla muwele, mzima funga mlango: hapa yeye ni adui wa wasiojiweza. Msomaji aliyelelewa na ngano hizi atadhani kwamba hiyo ndiyo tabia ya fisi katika fasihi ya pwani yote.

Lakini Charles New, mmishonari wa Kimethodisti aliyekuwa akiishi Ribe katika miaka ya 1860, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1873 habari nyingine kabisa. Aliwakuta watu wa huko wakimheshimu fisi na kumhesabu kuwa katika asili yao. Fisi alipokufa aliombolezwa na watu wote, na matanga ya mzee mkubwa, kwa maelezo yake, hayakuwa kitu mbele ya matanga ya fisi. New aliyaandika hayo kama ajabu ya wapagani. Sisi hatuna sababu ya kufuata mshangao wake. Jamii iliyoishi karibu na msitu, na iliyomjua fisi kama kiumbe anayetembea usiku baina ya makazi ya walio hai na makaburi ya wafu, ilikuwa na hoja ya kumpa nafasi katika mfumo wa haki. Ndiyo maana kiapo kikali miongoni mwa Wagiriama kiliitwa fisi. Aliyekula kiapo hicho alijifunga mbele ya mlinzi asiyeweza kuhongwa.

Kiapo hicho kiliingia katika historia ya taifa mwaka 1913, pale Mekatilili wa Menza alipowahamasisha Wagiriama wakatae kodi na kazi za kulazimishwa. Cynthia Brantley, katika utafiti wake wa mwaka 1981, anaeleza kwamba wanawake walilishwa kiapo cha mukushekushe na wanaume kiapo cha fisi. Masimulizi ya watu yanaongeza tukio jingine: kwamba Mekatilili alimletea ofisa wa Kiingereza kuku mwenye vifaranga, akamtaka amchukue kifaranga mmoja, na kuku alipomdonoa ofisa yule, mama huyo akamwambia kwamba hivyo ndivyo itakavyokuwa akijaribu kuwachukua vijana wa Wagiriama. Awe kuku huyo aliletwa au hakuletwa, simulizi hilo ni balagha iliyokamilika. Serikali ilijibu kwa kumhamishia Mekatilili Kisii, na mwaka 1914 ikaulipua kwa baruti mji mtakatifu wa kaya.

Hapa njia ya pili ya uhakiki, ile ya kumvua mnyama ngozi, inashindwa. Kuku wa Mekatilili ni istiari, hilo halina ubishi. Lakini istiari hiyo inafanya kazi kwa sababu kila msikilizaji alikuwa na kuku nyumbani na alizijua hasira zake. Fisi wa kiapo, kwa upande wake, hamwakilishi mtu yeyote. Yeye ni fisi, na uzito wa kiapo watoka kwake.

Paa wa Sultani Darai

Mwaka 1870 Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Unguja, alichapisha London mkusanyiko wa hadithi alizosimuliwa na wenyeji wa kisiwa hicho. Miongoni mwake imo hadithi ya kima na papa, ambayo asili yake yapatikana katika Panchatantra ya Wahindi na katika Kalila wa Dimna iliyoandikwa kwa Kiarabu na Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8. Kusafiri kwa hadithi hiyo kumeandikwa sana. Tunayotaka kuitazama ni nyingine, hadithi ya Sultani Darai, kwa sababu ndani yake suala la fadhila limewekwa wazi kuliko mahali pengine popote.

Maskini mmoja anapekua jaani ili apate punje za kula. Siku moja anaokota thumuni, na kwa thumuni hiyo anamnunua paa. Watu wanamcheka, kwani asiyeweza kujilisha amejitwika mwenye kulishwa. Paa anasema. Anaokota almasi, anaipeleka kwa sultani wa mji wa mbali, anamsifu bwana wake kwa jina kubwa la Sultani Darai, anamposea binti wa sultani, anaua nyoka wa vichwa saba na kumtwalia bwana wake nyumba na mali. Kisha paa anaugua. Mke anataka auguzwe kwa chakula chema. Mume anaamuru apewe uji wa mtama, kwa kuwa, asema, alimnunua kwa thumuni tu. Paa anakufa kwa majonzi, anatupwa kisimani. Sultani mkwewe anaposikia anakuja na watu wake, wanamtoa kisimani, wanamlilia na kumzika kwa heshima. Mke anajikuta amerudi kwao. Mume anajikuta jaani, akipekua kama siku ya kwanza.

Uhakiki wa mazoea huisoma hadithi hii kama onyo juu ya utovu wa shukrani, na usomaji huo ni sahihi kwa kadiri yake. Lakini tukumbuke hadithi hii ilisimuliwa wapi na lini. Ilisimuliwa katika mji ambamo watu walinunuliwa kwa bei iliyojulikana, miaka michache kabla ya mkataba wa 1873 uliopiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Paa amenunuliwa. Anamwita mnunuzi bwana. Anamfanyia kazi, anamjengea jina na kumpatia ukoo, na siku anapougua thamani yake inarejeshwa kwenye bei aliyonunuliwa. Yule mume hakosi katika hesabu. Thumuni ni thumuni. Kosa lake ni kudhani kwamba baada ya yote yaliyotendeka hesabu hiyo ingali inatosha.

Hadithi hii haikuwa geni kwa nchi ya Kisauni. Mashamba ya bara ya Mombasa, kama alivyoonyesha Frederick Cooper mwaka 1977, yalilimwa kwa jasho la watumwa. Ilikuwa ni Kisauni pia ambako jumuiya ya kimishonari ya CMS ilianzisha Freretown mwaka 1875 ili kuwapokea watu waliokombolewa. Mahali penye kengele yake pangali paitwa Kengeleni. Sheria ya kuondoa hadhi ya utumwa katika pwani ya Kenya ilipitishwa mwaka 1907. Katika fiqhi mtumwa alikuwa mali na pia mtu, mwenye haki kadhaa juu ya bwana wake. Mnyama naye alikuwa mali, na mafunzo ya dini yalimkataza mwenye mali hiyo kumtwika mnyama zaidi ya nguvu zake au kumnyima maji. Ndugu wa Usafi wa Basra, katika karne ya 10, walikwisha kuutunga mjadala mrefu ambamo wanyama wanawashtaki binadamu mbele ya mfalme wa majini kwa kuwafanya watumwa. Kwa hiyo msimulizi wa pwani aliyewakutanisha mnyama na mtumwa katika umbo la paa hakubuni jambo jipya. Alichokiongeza ni matanga. Paa wa Sultani Darai aliliwa kilio na sultani mzima, kama fisi wa Ribe alivyoliliwa kuliko mzee wa kaya. Mji na nyika, ambavyo vilidaiwa kuwa mbali, vilikutana katika kumzika mnyama.

Punda, pagazi na mkokoteni

Asante ya punda ni mateke. Methali hii inampa punda sura ya mtovu wa shukrani, naye ndiye mnyama aliyestahili kushukuriwa kuliko wote katika miji ya pwani. Methali nyingine inasema kweli zaidi bila kukusudia: heri punda afe, mzigo wa bwana ufike.

Tukitoka pwani kuelekea ndani, hata punda hakuweza kuufikisha mzigo huo. Ukanda ulio nyuma ya Changamwe ulikuwa na mbung'o, na mbung'o waliua ng'ombe, farasi na punda. Kwa sababu hiyo gari la kukokotwa halikuwa na nafasi katika biashara ya bara, na mzigo ukawa wa binadamu. Pagazi, ambaye amesifiwa na kudharauliwa katika maandishi ya wasafiri wa karne ya 19, alikuwa mtu aliyeshika nafasi ya mnyama kwa sababu mnyama alikufa. Hili ni jambo la biolojia, lakini lilizaa lugha nzima ya kumdhalilisha mchukuzi, ambayo bado tunayo.

Mwaka 1896 ujenzi wa reli ulianza kisiwani, ukavuka Makupa na kuingia Changamwe. Wanyama wa kazi walioletwa kwa ajili ya ujenzi huo walikufa kwa wingi katika nyika ya Taru na mbele yake. Mwaka 1898 simba wawili waliwavamia vibarua wa Tsavo, na J. H. Patterson akaandika kitabu juu yao mwaka 1907. Kwa hesabu ya Patterson simba hao waliua Wahindi 28 na Waafrika ambao idadi yao haikuwekwa na ofisi yoyote. Utafiti wa kisayansi wa mwaka 2009 ulikadiria kuwa jumla ya walioliwa ni kama watu 35. Mhakiki hana budi kuona mpangilio wa simulizi hilo. Simba wana kitabu, na ngozi zao zimetengenezwa na kuwekwa katika jumba la makumbusho la Field huko Chicago. Vibarua wa Kihindi wana idadi. Waafrika hawana idadi. Punda na maksai waliokufa kwa mbung'o hawamo kabisa. Katika fasihi ya ukoloni, mnyama aliyeua alipata jina kubwa kuliko mnyama aliyefanya kazi, na mtu wa bara aliwekwa karibu zaidi na huyu wa pili.

Reli na baadaye malori yaliwapunguzia watu mizigo, lakini hayakuiondoa. Mitaani Likoni, Kisauni na Changamwe mkokoteni wa hamali ungali unapita, umejaa mitungi ya maji, magunia au vyuma, na anayeukokota ni mtu. Anayempisha njiani hutamka neno punda kwa wepesi. Ni tusi, lakini kwa historia tuliyoieleza ni pia kumbukumbu ya jinsi nafasi ya mnyama ilivyojazwa na binadamu.

Mamba na shimo

Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa, alisambaza waraka ulioitwa Kenya: Twendapi?, na mwaka 1969 akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Mashairi aliyoyatunga kifungoni yalichapishwa mwaka 1973 katika Sauti ya Dhiki. Miongoni mwa magereza yaliyomweka ni Shimo la Tewa, lililoko katika bara ya kaskazini. Tewa ni samaki mkubwa wa miambani, akaaye pangoni. Gereza limerithi jina la pango la samaki.

Shairi lake liitwalo Mamba lamhusu mamba wa mtoni mwenye kiburi, anayejiona ataishi milele. Kwamba mamba huyo ni mwenye mamlaka, hakuna msomaji aliyepata kulitilia shaka, na ni kweli kwamba kuficha kulikuwa na faida kwa mfungwa. Hata hivyo, tukimwacha mamba mara tu baada ya kumtambua mtawala, tutakosa kiini cha hoja. Mamba anachaguliwa kwa sababu ana mwisho. Kila mnyama anakufa, na mtawala anayejiona ameupita unyama wake amesahau jambo ambalo kila kiumbe anashiriki. Hapa mnyama hatumiki kumtusi mtawala. Anatumika kumrudisha katika safu ya viumbe. Katika hili Abdilatif anatofautiana na George Orwell, ambaye kitabu chake kilitafsiriwa na Fortunatus Kawegere kwa jina la Shamba la Wanyama mwaka 1967. Kule uovu wa nguruwe unakamilika pale wanapofanana na watu. Hapa uovu wa mtu ni kusahau kwamba anafanana na mamba, ambaye siku yake itafika.

Jongoo na kobe wa Bamburi

Jongoo hutupwa na mti wake. Ndivyo tulivyofunzwa na methali, na katika matumizi yake mengi maana ni kwamba kilicho kibaya kiondolewe pamoja na kinachokishika. Kisauni, hata hivyo, imetoa mfano unaoipinga methali hii. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza uzalishaji mwaka 1954, na kwa miaka mingi mwamba wa matumbawe ukachimbwa hadi ardhi ikabaki jangwa jeupe lenye maji ya chumvi. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti humo. Katika aina 26 alizozijaribu ni tatu tu zilizosalimika, mmoja wao ukiwa mvinje. Lakini majani makavu ya mvinje hayakuoza. Yalirundikana chini bila kuwa udongo. Ndipo alipoletwa jongoo. Jongoo waliyala majani hayo, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo, na juu ya udongo huo ukaota msitu ambao leo waitwa bustani ya Haller. Kiumbe aliyetajwa na methali kama mfano wa cha kutupwa ndiye aliyeirudishia nchi uhai. Fadhila hii ni kubwa, na bado haijapata utenzi wake.

Bustani hiyohiyo ilijulikana duniani kwa sababu ya wanyama wengine wawili. Viboko walikuwa wamechukuliwa na maji ya mto Sabaki hadi baharini Malindi. Tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi ya tsunami yalifika pwani, na mtoto mmoja wa kiboko akabaki peke yake kwenye miamba. Wavuvi na wakazi walimwokoa siku iliyofuata, akaletwa Bamburi, akaitwa Owen. Humo alijiambatanisha na kobe mkubwa wa asili ya Aldabra aliyekwisha kuitwa Mzee, akilala ubavuni pake na kumfuata kila aendako. Kitabu cha Isabella Hatkoff, Craig Hatkoff na Paula Kahumbu, chenye picha za Peter Greste, kilichapishwa mwaka 2006 na kutafsiriwa katika lugha kadhaa. Mwaka 2007 Owen alitenganishwa na kobe ili akae na kiboko mwenziwe.

Kwa mhakiki wa Kiswahili kisa hiki kina mambo mawili. La kwanza ni majina. Kobe alipewa jina la heshima ambalo kijana wa pwani humpa mwanamume aliyemzidi umri. Kiboko naye anabeba katika Kiswahili maana ya pili, kwani neno hilo ni jina la mjeledi uliokatwa katika ngozi yake, nao ulitumika katika enzi ya ukoloni kuwachapa watu. Mnyama aliyeuawa ili ngozi yake imwadhibu mtu anarudi katika fasihi kama yatima wa kuonewa huruma. La pili ni hadhira. Kisa kilitokea Kisauni, kikaandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya watoto wa dunia, kikirejea Kisauni kama kivutio cha wageni. Hapo katikati hadithi ilipoteza sehemu yake ya mwambao: wavuvi waliotia nyavu zao ili kumwokoa mnyama asiyekuwa mali yao.

Tena imesimuliwa katika nchi ambamo suala la kimbilio lina uchungu. Tangu Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya 1908, madai ya wenyeji wengi wa ukanda wa maili kumi hayakutambuliwa, na vizazi vyao vimeitwa maskwota katika nchi ya babu zao. Msomaji wa Kisauni anayeishi bila hati anapokisoma kisa cha kiboko aliyepewa makao, mlinzi na jina, ana haki ya kukisoma kwa moyo mzito. Hilo halimfanyi kuwa adui wa kiboko. Wavuvi wa Malindi nao hawakungoja wapate hati ndipo wamwokoe.

Hitimisho

Tumejaribu kumfuata mnyama katika fasihi na historia ya Mombasa Bara kuanzia fisi wa kiapo hadi jongoo wa Bamburi. Imebainika kwamba mgawanyo wa mji na nyika ulitegemea kumtenga mnyama na mtu, na kwamba kila mgawanyo huo ulipokazwa palikuwa na binadamu aliyesukumwa upande wa mnyama: Mnyika, mtumwa, pagazi, kibarua asiye na idadi. Imebainika vilevile kwamba fasihi ya eneo hili haikukubali mgawanyo huo bila upinzani. Hadithi ya paa, kiapo cha fisi, simulizi la kuku na shairi la mamba, kila moja kwa namna yake, huuliza kama mwenye nguvu anakumbuka alikotoka na kama amelipa anachodaiwa.

Kutokana na haya kuna kazi mbili zinazowangoja watafiti, hasa wanafunzi wa shahada za uzamili. Kwanza, mikusanyo ya kale, ikiwa ni pamoja na ile ya Steere na ile ya methali iliyochapishwa na W. E. Taylor wa Mombasa mwaka 1891, isomwe upya sambamba na historia ya kazi, utumwa na mazingira, badala ya kuachwa katika rafu ya ngano za watoto. Pili, masimulizi ya wenyeji wa bara juu ya wanyama wanaoishi nao, katika Kidigo, Kigiriama na Kimvita, yakusanywe wangali hai wanaoyajua: wazee wa kaya, wavuvi, wachungaji wa mbuzi wa Likoni na mahamali wa Changamwe. Mhakiki akienda kuwauliza watu hawa asiharakishe kutafuta ni mtu gani aliyefichwa ndani ya mnyama. Aanze kwa kuuliza habari ya mnyama mwenyewe, kazi aliyoifanya, na kama alipata kushukuriwa.